AKIBA INAYOOZA: HISTORIA FUPI YA VIHIFADHI VYA NAKALA KATIKA MPAKA WA BUSIA NA TORORO

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema pia kuwa akiba haiozi. Methali ya kwanza ingali na nguvu zake zote. Ya pili inafaa itazamwe upya na kila mtumiaji wa tarakilishi, kwa sababu akiba tunayoiweka katika disketi, sidii, flashi na diski za nje huoza. Huoza kwa joto, kwa unyevu, kwa radi na kwa kuanguka sakafuni. Wakati mwingine chombo chenyewe huwa kizima, ila mashine ya kukisoma imekwisha kutoweka madukani.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya vyombo hivyo kama ilivyoonekana katika miji ya Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda. Lengo ni kujibu swali ambalo wanafunzi wetu huuliza kila muhula: mwenye fedha kidogo anunue kifaa gani cha kuhifadhia nakala za kazi zake? Hoja tunayoitetea ni kwamba bei halisi ya kifaa si ile iliyobandikwa dukani. Bei halisi ni gharama ya kuwa na nakala zaidi ya moja, katika mahali zaidi ya pamoja, ndani ya chombo ambacho fundi wa kawaida wa mjini ataweza kukifungua miaka kumi baadaye.

Huenda msomaji akajiuliza, jambo hili lahusu nini Idara ya Kiswahili? Lahusu mengi. Wanafunzi wetu hurekodi wazee wa Kisamia, Kigwe, Kiteso na Kijopadhola wanaozungumza Kiswahili cha mpakani, Kiswahili ambacho hakimo katika kitabu chochote cha sarufi. Kitabu kilichopotea huweza kununuliwa tena. Sauti ya mzee aliyefariki hainunuliki.

Kuhusu istilahi, tunatumia hapa "nakala ya akiba". Wapo wanaosema "nakala rudufu", na wapo wanaosema "chelezo", neno la watu wa majini lenye maana ya kitu kieleacho. Yote yanaeleweka. Vivyo hivyo, anayesema "kompyuta" na anayesema "tarakilishi" wanazungumzia mashine moja.

Nakala kabla ya tarakilishi

Fikra ya kuweka nakala mahali pa pili haikuletwa na tarakilishi. Historia ya mpaka wenyewe yaidhihirisha. Hadi mwaka 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda lilifika Naivasha, na kwa hiyo upande wa Busia ambao leo uko Kenya ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo jimbo hilo lilihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mtafiti anayefuatilia habari za Wasamia au Wateso kabla na baada ya mwaka huo hulazimika kuzitafuta nyaraka katika nchi mbili. Ni usumbufu kwa msafiri, lakini ni kinga kwa nyaraka: janga likitokea upande mmoja, upande wa pili husalimika.

Janga lilitokea kweli. Mwaka 1939 moto uliziunguza ofisi za Sekretarieti mjini Nairobi na kuteketeza kumbukumbu nyingi za serikali ya kikoloni. Mengi ambayo wanahistoria wameweza kuyajua kuhusu wilaya za magharibi yalipatikana kwa sababu maafisa wa wilaya na majimbo walikuwa wakiandika ripoti zao kwa taipureta na karatasi ya kaboni. Nakala moja ilipelekwa juu na nyingine ikabaki kabatini. Karatasi ya kaboni ndicho kifaa cha kwanza cha bei nafuu cha nakala za akiba katika eneo letu, na haikuhitaji umeme.

Sheria ya kuunda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Kenya ilipitishwa mwaka 1965. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kilipata nakala za ripoti za majimbo na wilaya katika filamu ndogo. Hivyo msomi aliyeko Marekani aliweza kusoma habari za Nyanza bila kuvuka bahari, na nakala ya tatu ikapatikana mbali na moto na mchwa wa nyumbani.

Taaluma ya Kiswahili nayo ilikuwa na desturi hiyo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihamahama. Ilipata kukaa Makerere na baadaye Mombasa kabla ya kazi zake kuingizwa katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964. Orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ya Dar es Salaam iliyotayarishwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970 ilijumuisha kanda za sauti pamoja na miswada. Kwa maneno mengine, wazee wetu wa taaluma walijua kuwa lugha inayosemwa yapaswa kuhifadhiwa kama ile iliyoandikwa.

Chombo chao kilikuwa kanda. Kaseti ndogo ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na kwa zaidi ya miaka thelathini ndiyo iliyokuwa daftari la sauti la mtafiti wa nyanjani. Ilikuwa nafuu, ilipatikana katika kila duka la Busia, na redio ya betri ilitosha kuisikiliza. Udhaifu wake ni kwamba kila nakala ilikuwa duni kuliko ile iliyotangulia, na ukungu uliipenda.

Disketi na sidii

Tarakilishi zilipoingia katika ofisi na vyuo vyetu, zilikuja na disketi. Disketi ya inchi tatu na nusu, iliyoenea mwishoni mwa miaka ya 1980, ilibeba megabaiti 1.44. Kwa maandishi ilitosha: tasnifu nzima ya uzamili iliweza kuingia. Kwa sauti haikufaa kitu. Rekodi ya ubora wa sidii hutumia takriban megabaiti kumi kwa kila dakika, kwa hiyo disketi moja ingebeba sekunde nane tu, muda wa kusema "Habari za asubuhi, mzee" na kungoja jibu.

Disketi zilikufa upesi. Vumbi liliingia, sumaku ya spika ilizifuta, na mara nyingi mtu aliyeandika kazi Tororo aliifikisha Kampala akaambiwa haisomeki. Mwaka 1998 kampuni ya Apple ilitoa tarakilishi ya iMac isiyo na tundu la disketi. Kampuni nyingine zikafuata, na mwaka 2011 Sony ikaacha kuziuza Japani. Aliyekuwa ametunza disketi zake vizuri ndani ya sanduku alijikuta ana akiba isiyo na mlango. Hata walionunua vifaa ghali zaidi hawakuokoka. Diski za Zip za kampuni ya Iomega, zilizotoka mwaka 1994 zikibeba megabaiti 100, zilisomwa na mashine zake pekee. Mashine hizo zilipoisha sokoni, diski nazo zikawa mapambo. Hapa kuna funzo la kwanza la kihistoria: chombo kinachosomwa na mashine ya kampuni moja tu ni ghali hata kikiuzwa kwa bei ya chini.

Sidii ya kuandikia ilileta nafuu kubwa. Moja ilibeba megabaiti 700, yaani disketi zaidi ya 480, na rekodi ya zaidi ya saa moja ilitosha ndani yake. Kaseti moja ya dakika sitini iligeuka sidii moja. Dividii nayo ikafikisha gigabaiti 4.7. Vyombo hivi vilikuwa na sifa moja ambayo flashi haina: vikishaandikwa mara moja, kirusi hakiwezi kuvifuta. Lakini sidii ya kuandikia hufanya kazi kwa rangi ya kikemikali iliyopakwa chini ya tabaka la kuakisi mwanga. Mwanga na joto huiharibu rangi hiyo. Sidii iliyoachwa juu ya dashibodi ya matatu, au dirishani katika ofisi yenye bati bila dari, haidumu kama ile iliyo ndani ya kabati lenye giza. Isitoshe, tarakilishi ndogo za mkononi zinazouzwa siku hizi kwa sehemu kubwa hazina tena mashine ya kusomea sidii. Kwa hiyo sidii inapita katika njia ileile ya disketi, na aliye nazo ahamishe yaliyomo mapema.

Flashi na udanganyifu wake

Flashi za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000 zikibeba megabaiti 8. Kufikia mwishoni mwa muongo huo zilikuwa zimejaa katika vibanda vya pande zote mbili za Busia, zikining'inia pamoja na chaja za simu na vifuniko. Hazikuhitaji mashine maalumu, zilitosha mfukoni, na bei ilizidi kushuka. Kwa mwanafunzi zilikuwa ukombozi.

Ni vyema kukumbuka kuwa Busia ndiyo iliyolipa Kiswahili cha mitaani neno "bodaboda". Katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli walianza kuwavusha wasafiri na mizigo yao katika kipande cha ardhi kilicho kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita "boda, boda" kuwatafuta abiria. Flashi ni bodaboda ya data. Kazi yake ni kuvusha mzigo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hakuna mfanyabiashara anayeigeuza bodaboda kuwa ghala, na flashi nayo isigeuzwe ghala.

Sababu ni tatu. Kwanza, flashi hupotea kwa urahisi. Pili, hubeba virusi. Mwaka 2008 kirusi kilichoitwa Conficker kilianza kuenea duniani, na mojawapo ya njia zake ilikuwa flashi zilizohamishwa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, kama zilivyohamishwa katika vyumba vya intaneti vya mijini. Tatu, hutunza habari kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya seli ndogo sana, na chaji hiyo huvuja polepole kifaa kikikaa miaka mingi bila kuchomekwa.

Kuna la nne, baya kuliko yote: flashi bandia. Hizi zimeandikwa gigabaiti 512 au terabaiti 2, na tarakilishi huonyesha idadi hiyohiyo, lakini ndani yake mna nafasi ndogo mno. Kiini chake kimepangwa kisema uongo. Mtumiaji hunakili mafaili, huyaona majina yake, hufunga na kwenda zake. Nafasi ya kweli ikishajaa, kinachofuata huandikwa juu ya kilichotangulia au hakiandikwi popote.

Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili alikutwa na janga hili. Alikuwa amerekodi wazee walioendesha baiskeli za mpakani katika miaka ya mwanzo, wakisimulia lugha waliyotumia na Wahindi wenye maduka, askari wa forodha na akina mama wa sokoni. Mahojiano yalihamishwa kila jioni kutoka kinasa sauti hadi flashi moja kubwa iliyonunuliwa kando ya barabara, kisha kinasa sauti kikafutwa ili kupata nafasi ya kesho yake. Alipoketi kunukuu, majina ya mafaili yote yalikuwapo. Yaliyofunguka ni machache. Alirudi kijijini, na baadhi ya wazee walikubali kusimulia tena kwa ukarimu. Mmoja alikuwa amekwisha kuzikwa. Tasnifu iliandikwa na shahada ikatolewa, lakini sura iliyomhusu mzee yule ina kurasa chache kuliko ilivyostahili.

Dawa yake haigharimu kitu. Zipo programu za bure, kama H2testw na F3, ambazo hukijaza kifaa kipya chote kisha hukisoma ili kuthibitisha ukubwa wake. Asiye na programu hizo akijaze kifaa kwa mafaili makubwa, akitoe, akichomeke katika tarakilishi nyingine, na kufungua mafaili ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Mnunuzi mwenye busara hufanya hivyo kabla risiti haijapotea.

Radi ya Tororo

Tororo inajulikana kwa mwamba wake na kwa saruji. Katika rekodi za hali ya hewa duniani inajulikana kwa jambo jingine: kati ya mwaka 1967 na 1976 ilihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Idadi hiyo iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda na kukutana na milima ya mashariki, na alasiri mawingu huwa yamekwisha kujikusanya.

Kwa mtunza nakala, takwimu hii ni muhimu kuliko tangazo lolote la kibiashara. Radi haihitaji kupiga nyumba ili iharibu tarakilishi. Ikipiga karibu na nyaya za umeme au za simu, nguvu yake husafiri ndani ya nyaya hizo na kuingia katika kila kilichochomekwa. Tarakilishi na diski yake ya akiba zikiwa zimeunganishwa pamoja wakati huo, zote mbili huweza kufa kwa dakika moja. Ndiyo maana nakala iliyochomekwa saa zote si nakala ya akiba kamili. Diski ichomekwe wakati wa kunakili, ichomolewe ikimaliza, na irudi kabatini.

Hapa pia pana tofauti kati ya aina mbili za diski za nje ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Ipo diski kubwa ya mezani, yenye adapta yake ya kuchomeka ukutani. Ipo diski ndogo ya mkononi, inayopata umeme kutoka tarakilishi yenyewe kwa waya mmoja. Ile kubwa huwa nafuu zaidi kwa kila terabaiti. Lakini ile ndogo hufanya kazi na tarakilishi ya mkononi hata umeme ukiwa umekatika, na haina waya wake wa kuiunganisha na ukuta. Katika mji wenye ngurumo na umeme wa kukatikakatika, ndogo ndiyo nafuu.

Udhaifu wa aina zote mbili ni kuanguka. Ndani yake mna sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Ikianguka inapofanya kazi, kichwa hugusa sahani. Diski za kisasa zisizo na sahani, zinazotumia teknolojia inayofanana na ya flashi, hustahimili kuanguka na zina kasi, ila ni ghali zaidi na hazifai kuachwa miaka bila kuchomekwa. Hizo ni za safarini.

Somo la takwimu za Busia

Pengine msomaji atauliza: nani atazihitaji data zetu baada ya miaka kumi na mitano? Jibu liko Busia. Mwaka 1998 watafiti Edward Miguel na Michael Kremer, wakishirikiana na shirika la ICS, walianza mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Budalangi na Funyula, kusini mwa Busia upande wa Kenya. Shule hizo zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 30,000. Ulikuwa wakati wa mvua za El Niño, katika nyanda ambazo mto Nzoia huzifurisha mara kwa mara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 na kuathiri sera za afya ya shule katika nchi nyingi. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Mwaka 2015 watafiti wengine kutoka Uingereza walichapisha uchambuzi mpya wa data zilezile. Waliziomba, wakapewa pamoja na programu za hesabu zilizotumika, wakarudia kila jedwali. Walikuta makosa, mengine madogo na mengine makubwa, hasa katika hesabu ya jinsi manufaa ya dawa yalivyoenea kwa shule za jirani. Waandishi wa awali walikubali kuwa makosa hayo yapo, huku wakishikilia hitimisho lao kuhusu mahudhurio shuleni. Mabishano yalikuwa makali na hayakuwaridhisha wote.

Tusiingie katika mabishano hayo. La kutuhusu ni kwamba yaliwezekana. Data zilizokusanywa mwaka 1998, enzi ya disketi, zilisomeka mwaka 2015. Mtu alizihamisha kutoka chombo hadi chombo kabla kila kimoja hakijafa. Aidha, kuanzia mwaka 2003 watafiti waliweza kuwatafuta tena vijana waliokuwa katika shule hizo, wakiwafuata hata waliohamia Uganda, kwa sababu orodha za mwanzo zilikuwapo. Kama zingepotea, dunia ingebaki na makala iliyochapishwa bila njia ya kuihakiki, na makosa yangebaki kuwa ukweli. Kuhifadhi data, basi, ni sehemu ya uaminifu wa kitaaluma. Mwanafunzi anayenukuu maneno ya mzee wa Lumino katika tasnifu bila kuwa na rekodi yake anamwomba msomaji amwamini tu.

Wingu nalo si bure

Tangu nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Kenya mwaka 2009, intaneti ya kasi imepita katika mpaka huu kuelekea Kampala. Leo wengi husema hakuna haja ya diski. Weka kila kitu katika wingu. Wingu lina faida kubwa, kwa kuwa ni mahali pa mbali pasipofikiwa na mwizi wa Busia wala radi ya Tororo. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, nafasi inayotosha tasnifu, maandishi yote ya mwanafunzi na saa ishirini na kitu za sauti isiyobanwa.

Hata hivyo historia yake, ingawa ni fupi, inatuonya. Mwaka 2021 Google ilitangaza kuwa vyuo vitaondolewa nafasi isiyo na kikomo, na vyuo vilivyokuwa vimeizoea vikalazimika kupunguza mizigo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda kwa siku kadhaa. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika na kasi ikaporomoka katika Afrika Mashariki nzima. Juu ya hayo, kila gigabaiti inayopandishwa hulipiwa bando, na Uganda inatoza kodi ya asilimia 12 juu ya data tangu Julai 2021. Wingu ni nakala nzuri ya tatu. Kulitegemea peke yake ni kuweka funguo za nyumba kwa jirani anayesafiri bila kuaga.

Tununue nini?

Kutokana na historia hiyo, tunapendekeza yafuatayo kwa mwanafunzi na kwa idara ndogo yenye bajeti ndogo.

Kwanza, hesabu mahitaji kabla ya kwenda dukani. Diski ya terabaiti moja hubeba zaidi ya saa 1,500 za sauti isiyobanwa. Mtafiti wa uzamili mara chache hupita saa hamsini. Badala ya diski moja ya terabaiti nne, nunua mbili za terabaiti moja moja. Rahisi huvunja upishi, lakini kikubwa kilicho kimoja nacho huvunja.

Pili, ziwe za mkononi, za kampuni zinazojulikana, na ikiwezekana za kampuni mbili tofauti, ili kasoro ya kiwandani isiziangushe zote pamoja. Waya wake uwe wa aina ya kawaida inayopatikana kila kibanda.

Tatu, linganisha bei za pande zote mbili za mpaka. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliziweka tarakilishi na diski zake katika kiwango cha sifuri, kwa hiyo tofauti ya bei hutokana zaidi na muuzaji na thamani ya shilingi siku hiyo. Nunua pale utakaporudi kwa urahisi ukiwa na risiti na kifaa kibovu.

Nne, diski mbili zisilale nyumba moja. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni hii mwaka 2005 kwa tarakimu tatu: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Watu wa mpakani wana bahati, kwani mahali pengine ni safari fupi. Mwanafunzi wa Busia na mwenzake wa Tororo wanaweza kutunziana diski, kila moja ikiwa imefungwa kwa nywila. Walioshuhudia Wakenya wakivuka kuingia Uganda mwanzoni mwa mwaka 2008, na kupokewa Mulanda wilayani Tororo, wanajua kuwa hata nchi nzima yaweza kuchafuka kwa wiki chache.

Tano, usinunue sanduku lenye diski mbili zinazojinakili zenyewe ukidhani umemaliza kazi. Sanduku hilo hukulinda diski moja ikifa. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, hulifuta katika zote mbili papo hapo, na radi hulipiga kama kitu kimoja. Kanda za tarakilishi za LTO ni nafuu kwa kila terabaiti na hudumu, lakini mashine yake ni ghali mno kwa idara. Hiyo ni kazi ya maktaba kuu.

Sita, weka daftari la karatasi. Andika tarehe, jina la diski, yaliyomo, na nani anayo nakala ya pili. Kila mwaka ichomeke, fungua mafaili kadhaa na usikilize. Kila baada ya miaka minne au mitano hamishia katika diski mpya, ukiiacha ya zamani kama akiba ya akiba.

Hitimisho

Karatasi ya kaboni, filamu, kaseti, disketi, sidii, flashi, diski: kila kimoja kilisifiwa kuwa cha kudumu, na hakuna kilichodumu peke yake. Kilichodumu ni kazi ya watu waliohamisha yaliyomo kabla chombo hakijazeeka. Kabati la idara yetu lina kaseti ambazo bado zinasikika, na kinasa sauti cha kuzisikilizia bado kinafanya kazi. Tunawaomba wanafunzi walio tayari kujitolea saa mbili kwa wiki wajiandikishe kwa katibu wa idara kabla ya mwisho wa muhula, ili tuzihamishe. Wenye kaseti za wazazi na babu zao, ziwe za hadithi, nyimbo za harusi au mahubiri, wazilete pia. Zitanakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe.

Mwandishi ni mhadhiri katika Idara ya Kiswahili.